Anza na Alichoacha: Namna ya Kumtambua Mwenye Maradhi ya Kiwewe

Mtu akija kwangu akaniambia, "Nesi, kaka yangu hayuko sawa tangu ile ajali," mimi humuuliza kwanza: ameacha nini? Wengi hutarajia nianze na ndoto, au kilio, au kusema peke yake. Hayo nayauliza, ila baadaye. Ndoto mtu anaweza kuificha miaka na miaka, mke wake kalala ubavuni asijue. Alichoacha ni vigumu kukificha, maana nyumba nzima huwa imeshajipanga kukizunguka bila ya wenyewe kutambua.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nimezaliwa Pemba, kazi naifanyia Unguja. Ninaokutana nao wamepita katika mengi: ajali za gari na bodaboda, kupigwa, kubakwa, uzazi uliokaribia kumtoa mtu roho, na bahari. Humu nitaegemea zaidi bahari, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa karibu, na mtu wa kisiwani hana pa kuikimbia. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, baadhi yao wakiwa wameng'ang'ania magodoro yaliyokuwa katika shehena. Mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Walionusurika wapo, waliofiwa wapo, na wengine ni jirani zetu wa mlango kwa mlango. Katika visa nitakavyovieleza nimebadilisha mambo ili wenyewe wasijulikane.

Hesabu siku kwanza

Baada ya jambo la kutisha, mtu kutetemeka, kukatika usingizi, kujiwa na picha za tukio, chakula kutopita kooni, yote hayo ni ya kawaida. Wiki mbili tatu za mwanzo usimwite mtu mgonjwa. Kwa walio wengi hali hupungua yenyewe kadiri siku zinavyokwenda, hasa akiwa na watu wake, akila, akilala pahala pa salama. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kiasi cha watu 70 katika kila 100 duniani hupatwa na tukio zito la aina hii katika umri wao, na kati ya hao waliopatwa, wanaoishia na maradhi ya kiwewe, yaani mshtuko wa tukio unaobaki akilini na mwilini na kuharibu maisha (kwa Kiingereza PTSD), ni kama asilimia 5.6. Kwa waliopita vitani kiwango hupanda zaidi ya mara mbili, na kwa waliobakwa huwa kikubwa sana. Nayasema haya mapema ili usije ukamtazama kila aliyenusurika kwa jicho la kumwona kaharibika.

Mpaka wetu wa kitabibu ni mwezi mmoja. Dalili zikivuka mwezi, na zikawa zinamkwamisha kazini, skuli, katika ibada au katika ndoa yake, huyo anahitaji kuonwa. Na yapo yanayochelewa. Mtu anaweza kukaa miezi sita au zaidi akionekana mzima, kisha kikatokea kitu kidogo kikafungua kila kitu. Mama mmoja aliyefiwa na ndugu zake baharini alikaa mwaka na zaidi akihudumia watu msibani, akipika, akifanya biashara yake. Usingizi ulimtoka siku mwanawe alipopata nafasi ya masomo Dar es Salaam na tiketi ya boti ikaletwa nyumbani.

Tena usimwangalie aliyekuwemo chomboni peke yake. Mvuvi aliyevuta maiti, askari aliyezipokea, muuguzi aliyezisafisha, jamaa aliyepita mstari kwa mstari pale viwanja vya Maisara, maiti zilikolazwa, akitafuta uso anaoujua, wote hao wanaweza kuugua. Maradhi haya yaliingizwa rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na mpaka leo wapo wanaodhani ni maradhi ya wanajeshi tu. Wagonjwa wangu wengi ni wanawake, na hawajawahi kushika bunduki.

Ameacha nini?

Hapa ndipo ninapokuomba ukae zaidi. Chukua wiki ya mtu wako ilivyokuwa kabla ya tukio, uiweke pembeni ya wiki yake ya sasa. Alikuwa akipita njia gani kwenda kazini, sasa anapita wapi? Alikuwa akikaa baraza ya nani? Chakula gani hakitaki tena? Redio gani anaizima? Nguo gani haivai? Kazi gani anamtuma mdogo wake? Usimuulize sababu bado. Orodhesha tu.

Sababu atakuwa nayo, na itakuwa ya maana. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka mwenyewe kuleta ndizi na mihogo Unguja alianza kumtuma mdogo wake. Alisema mgongo unamsumbua. Kisha akasema biashara ya kuvuka haina faida tena. Kisha akafungua genge nyumbani, watu wakamsifu kwa kutulia. Kila sababu ukiichukua peke yake huoni kosa. Ukiziweka pamoja unaona mtu aliyejenga maisha yote ili asikanyage bandarini. Harusi ya dada yake Pemba hakwenda, na msiba wa baba mdogo hakwenda. Ule msiba ndio uliowashtua jamaa, kwa sababu kwetu mtu hakosi maziko ya baba yake mdogo kwa ajili ya mgongo.

Mwingine alikuwa halali kitandani. Usiku, mkewe akishapitiwa na usingizi, yeye hushuka, akatandika mkeka sakafuni. Mke akadhani amechukiwa, akarudi kwao. Wazee wakaitwa kusuluhisha ndoa. Nilipokaa naye kwa utulivu, nikamuuliza juu ya kitanda chenyewe, si juu ya mke, akanionesha kwa mikono yote miwili namna sponji la godoro linavyobonyea na kurudi. Hakusema neno. Alibonyeza hewa, akaachia, akabonyeza tena, jasho likamtoka. Alikuwa ameshikilia godoro usiku ule mpaka alfajiri. Mkewe alipoelezwa alilia, kisha akauza godoro la sponji wakalala kwenye la sufi mpaka matibabu yalipoanza kuleta nafuu.

Na yupo aliyesemwa msikitini kuwa dini imemtoka. Alikuwa akitawadha kwa haraka, anapaka maji usoni kwa ncha za vidole, puani hapandishi kabisa. Josho la kumwagia maji kichwani alikuwa akilikwepa mpaka ikawa aibu. Imani yake haikuwa na tatizo lolote. Maji yakigusa tundu za pua, kifua chake kilikuwa kinafunga kama usiku ule. Ikiwa mtu wenu alikoswakoswa na maji kisha mkamwona analegea katika udhu, msianze kwa kumhubiria.

Kukwepa kuna upande mwingine usioonekana kwa macho: kukwepa fikra. Huyu hataki kimya. Redio inawaka usiku kucha. Anafanya kazi mpaka anaanguka, na watu wanamsifu kwa bidii. Ukigusia habari ya siku ile anacheka, anaondoka, au anakuuliza umeshakula. Akiulizwa na mgeni anaeleza kwa maneno matatu makavu, kama anayesoma tangazo.

Namna ya kupambanua kukwepa kwa maradhi na uamuzi wa kawaida ni hii. Tazama mambo matatu: limeanza baada ya tukio, linafanana na tukio kwa harufu, sauti, mahali au hisia za mwilini, na akilazimishwa kulifanya, mwili wake unabadilika mbele yako, pumzi zinakwenda mbio, mikono inakuwa baridi, hasira inalipuka. Mtu aliyeamua tu kutopanda boti kwa sababu nauli imepanda hatetemeki ukimpa tiketi ya bure.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Kwa sababu kukwepa ndiko kunakoyaweka maradhi hai. Kila anapogeuza njia, moyo wake hupata nafuu ya muda ule, na ile nafuu inamfundisha mwili kwamba kweli kule kulikuwa na hatari. Kesho duara linabana zaidi. Aliyeanza kwa kuikwepa meli huishia kuikwepa bandari, kisha soko la samaki, kisha upande mzima wa mji.

Tukio linaporudi

Sote tunakumbuka mabaya yetu. Mwenye kiwewe hakumbuki kwa namna hiyo. Kwake jambo linatokea sasa hivi. Harufu ya dizeli inapita dirishani, naye yumo melini. Jenereta la jirani linazima ghafla, taa zinakatika, naye anasikia kelele za watu. Upepo wa kusi ukipiga mabati usiku, yumo. Kwa walio hai baada ya meli hizi, mwezi wa Septemba au wa Julai ukikaribia huwa mzito kuliko mingine, na mara nyingi mwenyewe hajui kwa nini.

Utaona nini? Mazungumzo yanakatika katikati ya sentensi. Macho yako wazi lakini hayakuoni. Anashika kitu kwa nguvu, ukingo wa meza au mkono wa mtoto. Anaweza kujibu kwa sauti isiyo yake, au asijibu kabisa. Baada ya dakika chache anarudi, amechoka, ameona haya, na huenda asikumbuke vizuri. Usiku ni ndoto: anapiga mateke, anaita jina, anaamka akiwa kalowa jasho. Wengine huanza kuogopa kulala, wakawa wanakaa barazani mpaka alfajiri.

Hali hiyo ikimkuta mbele yako, usimkamate kwa nyuma na usimtikise. Kaa anapoweza kukuona. Mtaje jina, mwambie pahala alipo na leo ni siku gani: "Baba Fulani, uko nyumbani, leo Jumatano, mimi ni mkeo." Mwambie akanyage sakafu kwa nguvu, ashike kitu kigumu, akutajie vitu anavyoviona chumbani. Usimmwagie maji. Nalisisitiza kwa sababu kwetu maji kichwani ndiyo huduma ya kwanza ya kila aliyezimia, na kwa aliyezama baharini ni kumrudisha kulekule.

Nyumba nyingi zikiyaona haya husema amepandwa na pepo. Mimi sigombani na familia juu ya imani yao. Kisomo anachokitaka mwenyewe, kinachomtuliza, kiendelee, na nimeona watu wengi wakipata utulivu wa kweli kwa Qur'ani. Ninachokikataa ni kumbana, kumpiga, kumfungia na kumfukiza moshi mpaka akakosa pumzi. Mtu ambaye mwili wake tayari unaamini kuwa anakufa, ukimbana, unamthibitishia.

Mwili usioshusha silaha

Kopo likianguka jikoni, wote mnageuka, yeye ameshasimama. Anakaa akiutazama mlango. Akiingia chumbani anatafuta kwanza pa kutokea. Baba aliyekuwa mpole anampiga mtoto kwa kuvunja gilasi, kisha anajifungia akilia kwa alilofanya. Hasira hii inawaumiza sana wake na watoto, na mara nyingi ndiyo inayomleta mtu kwetu, kwa kuwa jamaa wamechoka. Anasahau, hawezi kusoma hata ukurasa mmoja, anaacha sufuria motoni.

Dalili hizi ndizo zinazomzungusha mtu spitali. Anakuja na kichwa, tumbo, kifua kubana, moyo kwenda mbio. Anasema ana presha. Anapimwa malaria, vidonda vya tumbo, moyo, majibu yanatoka safi, anapewa dawa za maumivu, anarudi baada ya wiki mbili. Ukiona faili nene la vipimo vizuri na mtu anayezidi kudhoofu, uliza: haya yalianza lini, na kabla ya hapo kulitokea nini? Ajabu ni kwamba swali hilo la pili linaweza kupita miaka bila ya mtu yeyote kuliuliza.

Wengine wanajitibu wenyewe. Pombe, bangi, unga, vidonge vya usingizi. Vijana waliopo katika soba hausi zetu, ukikaa nao muda mrefu, baadhi yao watakueleza juu ya siku moja kabla ya yote: ajali, kipigo, au kitendo alichofanyiwa mtoto na mtu mzima aliyeaminiwa. Ukimwachisha unga bila ya kuigusa siku ile, usishangae akirudia.

Ubaridi na lawama

Kundi hili la dalili ni kimya, ndiyo maana linapita bila ya kuonekana. Mama anamtazama mtoto wake mchanga na haoni kitu moyoni. Kijana aliyependa ngoma na mpira hataki tena chochote. Anasema yuko mbali na watu hata akiwa katikati yao. Hapangi ya mwakani, kwa kuwa ndani yake haamini kama mwakani upo. Watu humwita mwenye kiburi, au mume husema mke amembadilikia.

Pamoja na ubaridi huo huja lawama. "Ningepanda boti ya mchana." "Mimi ndiye niliyemwambia aje sikukuu." Na nzito kuliko zote nilizowahi kuzisikia, kutoka kwa kina mama zaidi ya mmoja: "Nilimwachia mkono." Ukiambiwa hivyo usikimbilie kusema ni kadari ya Mungu, kisha ukafunga mazungumzo. Ni kweli kwa anayeamini, lakini ukiisema haraka anasikia kwamba hutaki kumsikiliza. Kaa naye kwanza. Ataweza kukuambia maji yalikuwa na nguvu kiasi gani, vidole vilikuwa vimekufa ganzi kiasi gani, na hapo yeye mwenyewe ataanza kuona kuwa hakuachia; ulimtoka.

Watoto

Mtoto hasemi "naota jinamizi". Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Aliyezoea kulala peke yake anamganda mama. Mwalimu anasema ameshuka darasani au amekuwa mgomvi. Angalia michezo yake: anachukua kopo, analijaza vijiti, analizamisha ndani ya ndoo, analitoa, analizamisha tena, siku baada ya siku, na usoni hana furaha ya mchezo. Usimnyang'anye ndoo. Kaa chini, uliza hao waliomo ndani ya kopo ni kina nani. Ukishuku kuwa mtoto anafanyiwa ukatili, namba 116 hupigwa bure Tanzania Bara na Zanzibar, na Kenya pia ipo kwa ajili ya watoto.

Maswali matano

Katika kliniki nyingi duniani hutumika kidodosi kifupi cha maswali matano. Nayaeleza kwa maneno yangu ili uweze kuyatumia nyumbani. Katika mwezi huu uliopita: je, umeota jinamizi la tukio lile au limekujia akilini bila ya kutaka? Umejitahidi sana usilifikirie au umekwepa vitu vinavyokukumbusha? Umekuwa macho muda wote, au mwepesi wa kushtuka? Umejihisi ganzi, au mbali na watu na mambo yako? Umekuwa ukijilaumu au kulaumu wengine kwa lililotokea, lawama isiyokatika? Majibu ya "ndiyo" yakifika matatu au zaidi, mpeleke akaonwe. Si hukumu ya ugonjwa. Hukumu hiyo ni ya daktari. Ni sababu ya kutosha ya kufunga safari.

Namna ya kuuliza ina uzito sawa na maswali. Muulize akiwa peke yake, asiwepo mkwe wala mtoto. Mkubwa wako mwombe ruhusa kwanza: "Baba, naomba nikuulize jambo, na ukiona zito niambie tuache." Mkiwa mnafanya kazi pamoja, mnamenya muhogo au mnashona wavu, maneno hutoka kwa wepesi kuliko mkitazamana uso kwa uso. Usimuulize aliona nini. Muulize anavyolala, anavyokula, alichoacha. Mwanamke aliyebakwa aulizwe na mwanamke, na asiulizwe alikuwa amevaa nini wala alikwenda kufuata nini.

Yanayofanana nayo

Huzuni ya msiba humvuta mtu kwa marehemu: anataka picha, anataka kulizungumza jina, anakwenda kaburini. Kiwewe humsukuma mbali na hayo yote. Kwa waliokosa hata maiti ya kuzika, mambo haya mawili huchanganyika, na hilo ni la kumweleza daktari wazi. Sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, nayo huleta ubaridi na kukosa usingizi, na wengi wana yote mawili kwa pamoja. Aliyegonga kichwa katika ajali achunguzwe ubongo kabla ya kuambiwa ni mawazo. Anayedondoka, kung'ata ulimi na kujikojolea aangaliwe kifafa. Moyo kwenda mbio pamoja na kukonda na shingo kuvimba ni tezi mpaka vipimo viseme vingine.

Ukishatambua

Usimlazimishe kusimulia. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuwaweka waliotoka kwenye janga na kuwataka waeleze kila kitu kwa kikao kimoja, na katika mwezi wa kwanza linakataza kuwapa diazepamu na dawa za jamii yake kwa ajili ya mshtuko huo. Kwetu vidonge hivyo watu huvipata dukani kwa urahisi. Vinamlaza, ndiyo, lakini mwili unavizoea upesi na maradhi yanabaki palepale.

Usimpandishe boti kwa nguvu ili "azoee". Kurudi kwenye kilichomtisha ni sehemu ya tiba, lakini hufanywa hatua kwa hatua, mwenyewe akiwa ameshika usukani: wiki hii kutazama picha ya boti, wiki nyingine kukaa barabarani mbele ya bandari, mpaka aseme yuko tayari kwa linalofuata.

Tiba iliyo na ushahidi zaidi ni ya mazungumzo, yanayomrudisha mtu kwenye kumbukumbu ile kwa utaratibu akiwa na mtaalamu. Ipo moja ninayoipenda, ambayo kamba hulazwa sakafuni tangu kuzaliwa mpaka leo, mtu akaweka jiwe kwa kila baya na ua kwa kila zuri, kisha akayasimulia kwa mpangilio. Ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na waliokuwa wakiiendesha ni wakimbizi wenzao waliofundishwa, wakiwahudumia Wanyarwanda na Wasomali. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2008 na watu walipata nafuu ya kweli. Naitaja ili usikate tamaa ukisikia kuwa madaktari bingwa ni wachache. Dawa kama sertralini na fluoksetini nazo zinasaidia baadhi ya watu, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha kazi, na haziachwi ghafla.

Zanzibar anzia kituo cha afya kilicho karibu ukaombe rufaa, au nenda spitali ya Kidongo Chekundu. Aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono. Bara kuna Muhimbili na Mirembe ya Dodoma, Kenya kuna Mathari. Kuingia milango hiyo hakumfanyi mtu kuwa kichaa, na umwambie hivyo kwa mdomo wako, kwa kuwa ndiyo hofu yake kubwa.

Jambo moja halisubiri miadi. Akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake, akiaga watu bila ya safari, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Kwa wengi huwa ni mara ya kwanza kupumua. Usimwache peke yake, ondoa sumu, kamba na dawa zilizomo nyumbani, mpeleke siku hiyohiyo.

Mkienda kliniki, beba karatasi moja. Andika tarehe ya tukio. Andika alichoacha, kwa mpangilio wa kilivyoanza. Andika analala saa ngapi na anaamka mara ngapi, anatumia dawa gani, pombe au unga kama upo, na kama aliwahi kugonga kichwa. Mbele ya daktari watu wengi husema "naendelea vizuri", nusu saa ikaisha, wakarudi nyumbani vilevile. Msomee kwanza yeye mwenyewe, mkiwa nyumbani, na umpe kalamu akate asilotaka lisemwe.